Kitabu Hakina Miguu

Riwaya yangu ya kwanza niliimaliza mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa usiku wa manane, nilipoweka nukta ya mwisho kwenye muswada nikaenda kumwamsha mume wangu nimpe habari. Mara ya pili ilikuwa miaka mitatu baadaye, siku nilipovuta boksi la mwisho kutoka uvunguni mwa kitanda nikakuta limebaki na nakala mbili, moja imeliwa pembe na panya. Kati ya siku hizo mbili niliandika kidogo sana. Kazi yangu ilikuwa kubeba. Nilibeba kwenye daladala, nilibeba kwenye mkoba wa madaftari ya wanafunzi, nilibeba hata harusini, ambako niliuacha mfuko chini ya kiti na kabla keki haijakatwa nilikuwa nimeuza vitabu vinne.

Nafundisha Kiswahili sekondari, na kwa miaka mingi nimewafundisha watoto kuchambua riwaya kwa fani na maudhui. Tunaanza na dhamira, tunapita kwenye migogoro, ujumbe na falsafa ya mwandishi, kisha tunakuja kwenye muundo, mtindo, wahusika, mandhari na matumizi ya lugha. Ni utaratibu mzuri, na ndio ulionilea mimi mwenyewe. Lakini ndani yake hamna mahali pa kuuliza mwandishi alikula nini alipokuwa akiandika, nani alimlipa mpiga chapa, na kitabu kilifikaje Sumbawanga. Mwanafunzi anamaliza kidato cha sita akidhani riwaya huota zenyewe kwenye rafu za maktaba. Sura hii naiandikia maswali hayo. Kila ninapoyafuatilia naona kitu kimoja: sehemu kubwa ya riwaya zetu ilifika kwa msomaji kwa mikono ya wale wale walioziandika, na njia waliyoipata ya kuzifikisha ndiyo mara nyingi iliyoamua ziandikwe vipi.

Tuanze na riziki. Shaaban Robert, ambaye leo jina lake limebandikwa kwenye shule na mitaa, aliishi kwa mshahara wa ukarani. Alianza forodhani katika miaka ya 1920, akahamishwa huku na huku katika ofisi za serikali ya kikoloni, na alipofariki mwaka 1962, akiwa na umri wa miaka 53, aliacha miswada ambayo hakuwahi kuiona ikiwa vitabu. Kufikirika ilitoka 1967. Utubora Mkulima ilitoka 1968. Zamani nikiwa darasani nilikuwa nikiitaja miaka hiyo haraka haraka, kama mtu anayesoma mahudhurio. Siku hizi nasimama hapo kidogo. Nawaambia wanafunzi wamfikirie mtu aliyemaliza kazi, akaifunga, akaiweka, akafa, na kazi ikakaa miaka mitano ndipo ikapata jalada.

Wengine nao hivyo hivyo walikuwa na kazi ya pili, au niseme kazi ya kwanza. Muhammed Said Abdulla, aliyetupa mpelelezi Bwana Msa, alikuwa mkaguzi wa afya Unguja kabla ya kugeukia uhariri wa magazeti. Napenda kudhani kwamba lile jicho la Bwana Msa, linalotua kwenye jambo dogo ambalo wenzake wamelipita, lilinolewa na miaka ya kuingia majumbani mwa watu kukagua. Euphrase Kezilahabi alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na baadaye Botswana. Said Ahmed Mohamed alifundisha Bayreuth, Ujerumani. Hata Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021, aliishi kwa kufundisha Chuo Kikuu cha Kent huko Uingereza mpaka alipostaafu. Mimi naamka saa kumi alfajiri, naandika mpaka saa kumi na mbili, kisha naoga nakwenda kusahihisha insha. Sijawahi kuiona kazi ya shule kama adui wa riwaya. Imenipa sauti za watoto, na imenipa pesa ya karatasi.

Sasa nije kwenye karatasi yenyewe, kwa sababu waandishi wapya hufika kwangu wakiwa wameandika kurasa 400 na hawajui hata moja inagharimu nini.

Kitabu hakichapwi ukurasa mmoja mmoja. Karatasi kubwa hupita kwenye mashine, ikachapwa pande zote mbili, kisha hukunjwa mpaka ikatoa kurasa 16. Kitabu cha kurasa 192 ni mikunjo 12 ya namna hiyo. Ukiandika kurasa 195, umejitakia mkunjo wa 13 ambao karibu wote utakuwa mweupe, nawe utaulipia. Ndiyo maana mhariri mzoefu anaweza kukuomba ukate aya mbili mwishoni, na ukadhani ameziona mbaya. Kabla mashine haijazunguka, hutengenezwa pleti, na bei ya pleti ni ile ile uchape nakala 200 au 5,000. Kwa hiyo nakala chache ni ghali, kila moja ikibeba mzigo mkubwa wa gharama ile ya mwanzo, na nakala nyingi ni nafuu, ila lazima uwe na mahali pa kuziweka na moyo wa kuzitazama zimekaa. Siku hizi zipo mashine za kidijitali zinazochapa hata nakala 50 bila pleti, na zimewaokoa wengi, lakini bei ya kila nakala haishuki.

Mimi nilichapa 1,000. Fedha zilitoka kwenye mchezo wetu wa kupeana pale shuleni, zamu yangu ilipofika, na nyingine nilikopa. Kila nakala ilinigharimu shilingi 3,200 nami nikaiuza 10,000, na kwa wiki nzima nilijiona tajiri. Kisha nikaenda kwenye maduka ya vitabu. Muuzaji anachukua theluthi au zaidi, na ni haki yake, ana pango na umeme. Kwa bei yangu, 3,500 zikaenda kwake. Nikabakiwa na 3,300, na humo ndani kuna nauli, kuna nakala za kugawa kwa wahariri wa magazeti, kuna zile zilizolowa mvua ya masika, na kuna 120 ambazo gundi haikushika, kurasa zikamdondokea msomaji mapajani. Mpiga chapa aliahidi kunirudishia na hakunirudishia. Nilikaa sebuleni na chupa ya gundi ya mbao, nikazibandika moja baada ya nyingine, mwanangu akinishikia mgongo wa kitabu.

Mwenye mchapishaji haingii katika vurugu hii. Yeye hupewa mrabaha, kwa kawaida asilimia 10 hivi ya mauzo, huku mchapishaji akibeba gharama na hatari zote. Kwa kitabu cha 10,000, hiyo ni 1,000. Vijana wengi huiona ndogo wakaruka moja kwa moja kujichapishia, wakiwa hawajauliza ile 9,000 inakwenda wapi. Mimi nimepita njia zote mbili na sina ugomvi na yoyote. Ninachosema ni kwamba aliyejichapishia ana kazi mbili, na ya pili haiishi.

Neno la biashara linalotawala kazi hiyo ya pili ni mali kauli. Unaacha nakala 20 dukani, mwenye duka hakupi hata senti, mnakubaliana kwa mdomo kwamba zikiuzwa utalipwa. Zikiuzwa ndipo safari zinapoanza. Unakwenda, mhusika katoka. Unakwenda tena, unaambiwa mahesabu hufungwa mwisho wa mwezi. Mara ya tatu unakuta vitabu vyako vimepangwa chini kabisa, nyuma ya kalenda za mwaka uliopita, na vimeuzwa vitatu. Niliandika deni la kila duka kwenye daftari la shule lenye picha ya twiga, na daftari hilo ninalo mpaka leo. Duka moja lilifungwa likiwa na nakala zangu 15. Nilipita nikaona milango ya chuma imeshushwa, nikasimama pale kama mtu aliyefika msibani amechelewa.

Yalikuwapo majira ambapo mwandishi aliweza kumwachia mtu mwingine mzigo huu. Mwaka 1948 serikali za kikoloni zilianzisha East African Literature Bureau, na shirika hilo liliendesha mashindano, likahariri, likachapisha na kusambaza. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla ilishinda mashindano yake ya 1957 na 1958, ikatoka kitabu mwaka 1960. Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla ilitoka 1965, Rosa Mistika ya Kezilahabi 1971, Kufa na Kupona ya Elvis Musiba 1974, zote kwa njia hiyo. Kisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977. Upande wa Kenya shirika lilizaa Kenya Literature Bureau. Kwetu Tanzania ulikuwa unaingia wakati wa uhaba, karatasi ikatafutwa kama sukari, na kilichopatikana kiliwahi kwanza vitabu vya shule.

Hapo ndipo ninapowaheshimu sana watu wawili ambao mitihani huwapita kimya. Musiba hakungoja. Riwaya zake za jasusi Willy Gamba zilizofuata, Njama na Hofu miongoni mwake, zilitoka chini ya Continental Publishers, Dar es Salaam. Alikuwa mfanyabiashara hasa, mtu aliyefika kuiongoza Chemba ya Biashara, Viwanda na Kilimo ya Tanzania, na alijua kwamba bidhaa isiyofika sokoni haipo. Ben Mtobwa, mtoto wa Kigoma, mwandishi wa habari, naye akaanzisha Heko Publishers, na humo mhusika wake Joram Kiango akapata nyumba. Vitabu vyao walivichapa vidogo, vya kuingia mfukoni, jalada likiwa na bastola au mwanamke au vyote viwili, na vikauzwa kwenye meza za magazeti, kwenye stendi za mabasi, vikapanda treni ya reli ya kati.

Wahakiki huziita riwaya hizo riwaya pendwa, wakizitenga na riwaya dhati. Mimi niliisoma Kufa na Kupona nikiwa darasa la saba, nakala isiyo na jalada wala kurasa kumi za mwanzo, nikiwa nimeificha ndani ya atlasi. Haikuwa yangu. Ilikuwa ya mlinzi wa shule, aliyeipata kwa dereva wa lori, na baada yangu walisubiri wawili. Kwa hiyo husikitika kila ninaposikia watu wazima, tena wasomi, wakirudia ile kauli kwamba ukitaka kumficha Mwafrika kitu kiweke kwenye kitabu. Nimekulia kati ya watu wanaosoma. Walichokosa ni kitabu chenye bei yao, kilichoandikwa kwa lugha yao, kikiwa kimewekwa pale wanapopita. Musiba na Mtobwa walikiweka pale. Na kwa kuwa walijua msomaji wao anasimama kituoni na dakika chache za kuamua, waliandika ukurasa wa kwanza usiomruhusu mtu kukiweka kitabu chini. Hiyo ni fani, na ninatamani tuifundishe. Mtobwa alifariki mwaka 2008. Kabla ya hapo Dar es Salaam Usiku ilikuwa imevuka mpaka na kuchapishwa Nairobi, na Heko yake ilikuwa imetoa Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo, ambayo maelfu ya vijana wetu wameisoma kidato cha tatu na cha nne bila kuuliza lile neno Heko ni la nani.

Hiyo ya meza za magazeti na stendi ni njia moja ya kumfikia msomaji. Njia ya pili ni shule, na hii ndiyo inayolipa.

Kenya inaonyesha jambo hili waziwazi kuliko sisi. Ken Walibora alitoa Siku Njema mwaka 1996, ikateuliwa kutahiniwa katika sekondari, na kizazi kizima kikatoka shuleni kinamjua mhusika wake Kongowea Mswahili kama kinavyomjua binamu yake. Kidagaa Kimemwozea yake nayo ikateuliwa. Baada yake ikaja Chozi la Heri ya Assumpta Matei, kisha Nguu za Jadi ya Clara Momanyi. Riwaya ikiteuliwa, kila mtahiniwa lazima aipate, mwaka baada ya mwaka, mpaka zamu yake iishe. Ndipo mrabaha unapoweza kumaliza nyumba iliyosimama kwenye lenta. Walibora alikuwa pia mwanahabari na mhadhiri, na aligongwa na basi akafariki Nairobi mwezi Aprili 2020. Siku habari ilipofika, walimu wenzangu wawili, mmoja wa hisabati, walianza kusimulia Siku Njema katika chumba cha walimu, wakipokezana. Hicho ndicho shule inachoweza kufanya kwa riwaya, na sitaki kukidharau.

Lakini ina gharama. Riwaya iliyoteuliwa huandamwa na kijitabu kinachoitwa mwongozo, chenye muhtasari wa kila sura na maswali na majibu. Wanafunzi wengi hununua mwongozo tu. Huandamwa na nakala bandia, zilizochapwa kwenye karatasi hafifu, ambazo mwandishi hapati kitu. Kenya vitabu vinatozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 tangu sheria ya mwaka 2013, na mzazi akiwekewa halali na bandia mezani anachagua kwa kutazama pochi. Zamu ikiisha, kitabu hutoweka madukani kama msimu wa maembe. Nimeona kwa macho yangu riwaya nzuri ikifungiwa karanga mwaka uliofuata mtihani wake.

Gharama kubwa zaidi ni ile inayolipwa kabla ya kuchapwa. Rosa Mistika ilizuiwa shuleni ilipotoka kwa sababu iliongea kweli juu ya mwili wa msichana na watu wazima wanaouwinda, na baadaye hiyo hiyo ikaja kusomwa shuleni. Kila mwandishi wa Kiswahili anaijua hadithi hiyo hata kama hakusimuliwa. Inakaa begani pako unapoandika. Muswada wangu wa pili niliupeleka kwa mchapishaji, na mhariri, mama mmoja mwenye adabu na aliyekipenda kitabu kwa dhati, akaniita. Akasema sura ya tisa ni nzuri. Akasema sura ya tisa ikibaki, kitabu hakitaingia shuleni. Humo msichana anakwenda kwa mganga wa kienyeji kutoa mimba, na mama yake anamsubiri nje akiwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, akihesabu magari yanayopita. Nilikuwa na mkopo wa benki. Nilikuwa na mtoto anayekwenda kidato cha kwanza. Niliitoa.

Kitabu kilichapishwa, kikanunuliwa na shule kadhaa kama cha ziada, na mkopo ukaisha. Mwaka uliofuata binti mmoja wa kidato cha tatu, mpole, asiyeinua mkono, alinifuata baada ya kipindi. Akafungua pale pale nilipoitoa sura ya tisa. "Mwalimu, samahani," akasema, "hapa pameruka. Anaondoka nyumbani mzima, sura inayofuata kalazwa na mama yake hataki kumtazama. Kilichotokea kiko wapi?" Nilimwambia ni mbinu ya kumwachia msomaji ajaze mwenyewe. Alinishukuru kwa heshima, akaondoka. Nimewadanganya wanafunzi mara chache sana katika maisha yangu, na hiyo ndiyo inayonirudia.

Tuzo nazitaja kwa kifupi kwa sababu hazimpati kila mtu, ingawa zimebadilisha hewa. Ile iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, fedha zake zikichangiwa na kampuni za kutengeneza mabati ya kuezekea, iliweka dola 15,000 kwa miswada ya Kiswahili na ikahakikisha washindi wanachapishwa. Kwetu, Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilitolewa kwa mara ya kwanza tarehe 13 Aprili 2023, mshindi wa kwanza akipata shilingi milioni 10. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi ilianza safari yake kwa tuzo ya waandishi wa Tanzania, ikachapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 1999, ikaingia shuleni, na mwaka 2021 Amil Shivji akaifanya filamu iliyoonyeshwa Toronto. Zaidi ya miaka 20 kati ya kitabu na sinema. Paradise ya Gurnah, ya mwaka 1994, ilitufikia kwa Kiswahili kama Peponi, kwa kazi ya Ida Hadjivayanis, mwaka 2022. Vitabu vyetu husafiri polepole, na ni lazima mtu awe hai kuvisindikiza.

Kisha ikaja simu.

Hadithi za kufuatana hazikuanza na simu. Magazeti yamezibeba tangu zamani, na Eric Shigongo alijenga sehemu kubwa ya jina lake kwenye hadithi za "itaendelea" katika magazeti ya Global Publishers kabla ya kwenda bungeni. Nakumbuka saluni ya jirani yetu ambako gazeti la siku hiyo lilisomwa kwa sauti, na mwenye kusukwa akikatazwa kutikisa kichwa ilhali ndiye anayelia. Simu imechukua desturi hiyo ikaiweka mkononi mwa mwandishi mwenyewe. Hussein Tuwa, ambaye Mfadhili yake wanafunzi wa kidato cha tano na sita wameisoma, na wenzake katika umoja wa waandishi wa riwaya unaoitwa UWARIDI, wameonyesha kwamba mwandishi wa riwaya ya kusisimua anaweza kujipanga na kuheshimika. Wengine wengi, majina yao hayako dukani popote, wanaandika kila usiku kwenye makundi ya WhatsApp na wanaishi kwa kazi hiyo.

Mimi niliingia humo mwaka ambao shule zilifungwa kwa korona. Nilifungua kundi, nikaweka sehemu ya kwanza saa mbili usiku, maneno 1,200. Sehemu kumi za mwanzo bure. Kuanzia ya kumi na moja, anayetaka kuendelea anatuma shilingi 2,000 kwa simu, nami namhamishia kundi la pili. Muamala wa kwanza uliingia nikiwa napika, na jina lililotokea lilikuwa la mwanamume nisiyemjua. Nilizima jiko. Sijui namna ya kueleza jambo hilo kwa mtu ambaye hajawahi kwenda dukani mara tatu kudai pesa ya nakala tatu: mtu amemaliza ukurasa wangu, akataka ujao, akalipa, wala hatukuonana.

Lakini uandishi wa namna hiyo hukufinyanga. Kila usiku lazima ufunge kwenye swali, la sivyo kesho hawaji. Baada ya sehemu 60 nilikuwa na hadithi yenye vilele 60 na bonde hata moja hamna. Watu wangu walikuwa hawali, hawalali, hawakai kimya barazani. Wasomaji nao wanaingia ndani ya kazi. Walimpenda dereva wa bodaboda niliyekusudia afe sehemu ya 22, wakaniandikia kumwombea, na nilimwacha hai mpaka ya 41. Nilipotaka kuifanya kitabu ilinibidi kuivunja yote, nikaondoa ndoano karibu zote, nikampa kila mtu usiku wa kulala. Nilitumia miezi minane. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba msomaji wa simu na msomaji wa kitabu wanaweza kuwa mtu mmoja yule yule, ila anakujia na pumzi tofauti.

Wizi nao upo. Sehemu zangu zilinakiliwa, jina langu likafutwa, likawekwa jingine, zikauzwa kundi la jirani kwa shilingi 500. Tuna sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 na tuna COSOTA inayoisimamia, na ninamhimiza kila mwandishi asajili kazi yake. Lakini mwizi wa namba isiyojulikana humpati kwa barua. Kilichonisaidia ni wasomaji. Walimfuata kule, wakamwambia mbele ya watu wake wote kwamba hadithi ina mwenyewe.

Na humo kwenye kundi ndimo nilimoirudisha sura ya tisa mahali pake. Usiku mmoja, bila malipo, niliandika kwamba riwaya yangu ya pili ina sura iliyotolewa na kwamba hii hapa. Niliiweka yote. Kwa muda mrefu hakuna aliyejibu kitu, hata wale wanaotuma maua kwa kila neno. Kisha wanawake wakaanza kuandika, mmoja mmoja, wengine pembeni kwangu peke yangu, na nilichoambiwa usiku ule si changu kukisimulia hapa. Siku tatu baadaye ikaingia namba mpya. "Mwalimu, shikamoo. Ni mimi niliyekuuliza pale pameruka. Nimeletewa na rafiki. Sasa niko Kahama, ni muuguzi. Kitabu chenyewe unacho bado? Nataka kukiweka pamoja na hii."

Nakala za riwaya ya kwanza nilikuwa nimebakiwa na mbili, za ya pili na moja. Niliichapa sura ya tisa kwenye karatasi za kawaida, nikazikata ziwe sawa na kitabu, nikazibandika mahali pake kwa ile gundi ya mbao. Kesho yake kabla hakujapambazuka nilikuwa Kituo cha Magufuli, Mbezi, kwenye dirisha la vifurushi la basi la Kahama. Kijana wa dirishani aliipima bahasha mkononi, akashika kalamu.

"Mama, ndani kuna nini?"

"Kitabu."

"Cha shule?"

"Hapana. Hadithi."

Aliandika, akang'oa risiti, akanipa. Kisha akaitazama tena bahasha, kwa kuwa nyuma yangu hapakuwa na mtu. "Hadithi ya nini?"

Basi lilikuwa linaondoka saa kumi na mbili, na zilikuwa zimebaki dakika ishirini. Nikaegemea dirisha nikaanza kumsimulia.